Shingo haibebwi mzobemzobe

Kuna hadithi ya kipa ambayo wapenda soka hawachoki kuisimulia. Ni fainali ya Kombe la FA, Mei 1956, Wembley. Zikiwa zimebaki dakika 17, Bert Trautmann, Mjerumani wa Manchester City, alijirusha miguuni mwa Peter Murphy wa Birmingham City, akagongwa shingoni. Enzi hizo kubadilisha mchezaji hakukuruhusiwa. Jamaa akainuka, akadaka hadi filimbi ya mwisho, City wakashinda 3-1. Siku chache baadaye eksirei ikaonyesha pingili ya pili ya shingo imevunjika.

Ushujaa upo, lakini kilichomwokoa ni bahati. Pingili ya tatu ilijibana kwenye ya pili, ikaishikilia isihame. Ingehama kidogo tu na kukandamiza mishipa ya fahamu, City wangeondoka Wembley na kombe na jeneza.

Kazi ile iliyofanywa na pingili kwa bahati, leo daktari bingwa anaifanya kwa skrubu. Pingili mbili za juu zikilegea, anaweza kuzifunga kwa skrubu na vyuma vidogo zisicheze, mfupa upate muda wa kuunga. Usipounga, chuma kinachoka, mwisho kinalegea au kukatika. Hata upasuaji ukienda vizuri, una gharama yake. Karibu nusu ya uwezo wa kugeuza kichwa kulia na kushoto unatoka kwenye pingili hizo mbili. Zikifungwa, ndiyo imetoka. Beki asiyeweza kuangalia nyuma ya bega atamkabaje straika?

Sasa tazama mechi za ndondo mtaani. Mchezaji anaangukia kichwa, na kabla hajavuta pumzi wenzake wameshamvuta mikono akae. Mmoja anammwagia maji, mwingine anamnyoosha shingo eti ikae sawa. Kisha wanne wanambeba mzobemzobe, kichwa kinaning'inia. Nje mashabiki wanapiga kelele: "Mtoeni huyo, anapoteza muda!"

Hapo ndipo mchezo unaharibika. Daktari anaweza kufunga mfupa kwa skrubu, lakini mishipa ya fahamu iliyokatika hana skrubu ya kuirudisha.

Kinachotakiwa hakihitaji mamilioni. Sheria namba 5 inampa mwamuzi mamlaka ya kusimamisha mchezo mchezaji akiumia vibaya. Asimamishe. Kama majeruhi anapumua, asiinuliwe. Mtu mmoja apige magoti, akishike kichwa kwa mikono miwili kisitikisike, mpaka wafike wanaojua kazi, wakiwa na machela. Waandaaji wanaopata hela ya jezi, kombe na spika za muziki hawawezi kukosa ya machela, wala ya kumpeleka kijana mmoja kujifunza huduma ya kwanza.

Na shabiki naye apunguze mdomo. Dakika tano za kusubiri hazijawahi kumshusha mtu daraja.

Trautmann aliishi mpaka 2013, akafikisha miaka 89. Ile ilikuwa bahati yake, na bahati ya mtu haiazimwi.