Goma: Maktaba zikiunganishwa, mwanafunzi hatazunguka mji mzima kutafuta kitabu kimoja

Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho mjini Goma anayeandika tasnifu kuhusu migogoro ya ardhi Masisi huanza kazi yake kwa miguu. Asubuhi hupita maktaba ya chuo chake, mchana hupanda pikipiki hadi chuo jirani kuulizia kitabu ambacho pengine hakipo, na jioni hununua mega za simu ili asome makala ambayo mwishowe inadai malipo ya dola. Huenda kitabu hicho kimo mjini humohumo, ila hana mahali pamoja pa kuuliza kiko kwenye rafu ya nani.

Goma si mji usio na taasisi za elimu. Upo Chuo Kikuu cha Goma (UNIGOM), ipo ULPGL, ipo ISIG, na zipo taasisi nyingine za juu. Pole Institute imefanya utafiti wa miaka mingi kuhusu jamii za Kivu, na kituo cha OVG kinafuatilia volkano ya Nyiragongo. Kila moja hukusanya maandishi kwa ajili ya watu wake. Yakiunganishwa, maandishi hayo yangeunda maktaba moja kubwa. Yakibaki kila moja na lake, ni makabati yaliyotawanyika.

Hali ya usalama imelifanya suala hili kuwa la haraka. Mwishoni mwa Januari 2025, kundi la M23 lilipouteka mji, umeme na maji vilikatika, uwanja wa ndege ukafungwa na benki zikafunga milango. Kuagiza vitabu kutoka Kinshasa au Ulaya, jambo ambalo tangu zamani lilikuwa gumu, likawa gumu zaidi. Chuo kisichoweza kupokea vitabu vipya kinabaki na njia mbili: kutumia vizuri vile vilivyopo mjini, au kupata vya mtandaoni.

Njia ya kwanza si ngeni duniani. Mwaka 1967 vyuo vya jimbo la Ohio nchini Marekani vilianzisha shirika la OCLC, na kufikia 1971 maktaba zao zilikuwa zikiorodhesha vitabu kwa pamoja kupitia kompyuta. Siri yake ni nyepesi: kitabu kinaandikishwa mara moja. Mkutubi wa kwanza akishaingiza jina la mwandishi, mada na mwaka, mwenzake mwenye nakala ya kitabu hicho huichukua kumbukumbu hiyo na kuongeza tu kwamba naye anacho. Kazi inapungua, na msomaji anaona kwa mara moja nani ana nini.

Karibu na Goma, maktaba za Kenya ziliunda muungano wao wa KLISC mwaka 2003 ili kugawana gharama za majarida ya mtandaoni. Uganda wana CUUL na Tanzania wana COTUL. Hesabu yao inaeleweka kwa kila mama anayecheza likelemba: mchango ambao mmoja peke yake hauwezi, kumi wanaumudu.

Kwa Goma, sehemu ya mzigo huo tayari imepunguzwa. Mpango wa Research4Life, ulioanza mwaka 2002 kwa majarida ya afya na baadaye ukaongeza kilimo, mazingira, teknolojia na sheria, unaiweka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo katika kundi la nchi zisizolipa. Sharti ni taasisi ijiandikishe. Mwanafunzi mmojammoja hawezi kufanya hivyo kwa jina lake. Programu ya Koha ya kuendesha maktaba nayo hutolewa bure. Kinachokosekana zaidi ni mashine za kuiendesha, mafundi wa kuitunza na makubaliano kati ya wakuu wa vyuo.

Umeme na intaneti ni kikwazo cha kweli, lakini mtandao wa maktaba hauhitaji intaneti saa zote. Seva moja ndogo inaweza kuwekwa katika kila chuo, wanafunzi wakasoma kupitia Wi-Fi ya ndani bila kununua mega, na orodha zikaoanishwa usiku au siku ambayo mawasiliano yanaruhusu. Kiwix, programu inayowezesha kusoma Wikipedia bila intaneti, inafuata njia hiyohiyo. Mwaka 2014 shirika la Bibliothèques Sans Frontières lilipeleka maktaba za kuhamishika zilizoitwa Ideas Box kwa wakimbizi wa Kongo waliokuwa kambini Burundi. Ikiwa kambi iliweza kupata maktaba ya kidijitali, mji wenye vyuo vikuu hauna sababu ya kukata tamaa.

Hazina kubwa zaidi, hata hivyo, haitoki nje. Ni tasnifu za wanafunzi wenyewe. Kwa miongo kadhaa vijana wa Goma wameandika kuhusu uvuvi wa Ziwa Kivu, bei ya maharagwe sokoni, maisha ya waliohama makwao na mashamba ya Rutshuru. Kazi kama hizo, zikiwa na nakala chache za karatasi, ziko hatarini. Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji hadi ziwani na kuwaacha watu wapatao 120,000 bila makazi; Mei 2021 mlima uliripuka tena. Karatasi iliyoungua hairudi. Nakala iliyohifadhiwa Goma, Butembo na nje ya nchi kwa wakati mmoja ina nafasi ya kusalia.

Wapo wenye hofu. Walimu wengine huona kwamba tasnifu ikiwekwa mtandaoni itanakiliwa ovyo. Lakini kazi inayoonekana na wote ndiyo rahisi kugunduliwa ikiibwa. Iliyofichwa kabatini hunakiliwa bila mtu kujua. Sheria ya haki za waandishi ya tarehe 5 Aprili 1986 nayo lazima iheshimiwe: kuonyesha kwamba kitabu kipo si sawa na kukisambaza chote, na mwandishi wa tasnifu anapaswa kuombwa ridhaa yake.

Swali zito ni nani aongoze katika mji ambao mamlaka yake yanagombaniwa. Makubaliano kati ya maktaba na maktaba, yasiyotegemea ofisi moja ya serikali, yangekuwa na uhai mrefu zaidi. Taasisi tatu zinatosha kuanza: orodha moja ya pamoja, kadi moja inayomruhusu mwanafunzi kusoma popote, na tasnifu za mwaka huu zilizohifadhiwa katika sehemu mbili tofauti. Gharama yake ni ndogo kuliko kuanza upya baada ya moto mwingine, wa mlima au wa bunduki.