Anayeuza Simu Mpya Apokee na Mbovu

Tunadai jambo moja: duka linalouza kifaa kipya cha umeme lipokee na kile kibovu. Lipokee palepale kaunta, siku zote za mwaka, na limlipe kitu anayekileta. Leo hali haiko hivyo. Muuzaji wa simu Kariakoo, Dar es Salaam, au mtaa wa Luthuli, Nairobi, atakueleza kamera, betri na mkopo wa kulipa kidogo kidogo kila siku, na atakutolea simu tatu uchague. Mwulize ile iliyokufa uiache wapi, hana la kukuambia. Kosa si lake peke yake, kwa sababu hakuna aliyempa kazi hiyo.

Hatupingi vifaa vipya. Simu janja imemwezesha mama lishe kupokea malipo bila kuhangaikia chenji. Taa ya sola imeondoa kibatari katika nyumba nyingi za vijijini, na mtoto anasoma bila kuvuta moshi wa mafuta ya taa. Televisheni bapa inakula umeme kidogo kuliko ile ya chogo. Watu wetu wamevisubiri vitu hivi kwa muda mrefu na wana haki ya kuvinunua. Ila kila kinachoingia nyumbani kitatoka siku moja, na njia ya kutokea hatujaijenga.

Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024 inasema dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme na elektroniki mwaka 2022. Zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo hazikufika robo: asilimia 22.3. Kwa Afrika ripoti hiyohiyo inataja chini ya asilimia 1. Maana yake ni kwamba katika kila kilo mia za taka hizi barani kwetu, haipatikani hata kilo moja ambayo mtu anaweza kusimama na kusema ilishughulikiwa kama inavyotakiwa.

Nyingine tumezihifadhi wenyewe. Fungua droo, chungulia juu ya kabati na chini ya kitanda: vitochi viwili vitatu vilivyokufa, chaja zisizoingia kwenye kitu chochote, deki, redio ya kaseti, pasi iliyoungua. Ofisi za umma zinazidi nyumba za watu kwa hili. Kompyuta zimepangwa stoo mpaka darini, zinasubiri kibali cha kuziondoa kwenye daftari la mali, na kibali kinapofika zimeshakuwa mbovu kabisa, hata shule isingezitaka. Zinazobaki huishia Pugu Kinyamwezi, jalala la Dar es Salaam, au Dandora, jalala la Nairobi lililotangazwa kujaa tangu 2001 na likaendelea kupokea malori.

Tena siku hizi kifaa hufa kikiwa kizima. Juni 16, 2016 Tanzania ilizima simu bandia kwenye mitandao. Zilizokuwa zikipiga jana yake zikageuka takataka. Mwanzoni mwa 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye simu za Android za toleo la KitKat na yaliyolitangulia. Oktoba 14 mwaka huohuo kampuni ya Microsoft ikasitisha masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, na kompyuta nyingi zisizoweza kupokea toleo jipya zikaingia kwenye foleni ya kutupwa ingawa zinawaka na kuchapa barua vizuri. Maamuzi hayo hufanywa mbali na sisi. Jalala linalopokea matokeo yake liko kwetu.

Kuna watakaosema jibu ni kurejeleza. Hao tunawaomba waiangalie Owino Uhuru, Mombasa. Kitongoji hicho cha watu wapatao 3,000 kilipakana na kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu ili kupata risasi. Kiwanda kilianza kazi mwaka 2007. Kwenye karatasi, hiyo ilikuwa kazi safi: betri za zamani zinakusanywa, madini yanarudi sokoni, vijana wanapata ajira. Kwa watu wa kitongoji ilikuwa moshi juu ya mabati na maji machafu mlangoni. Phyllis Omido, aliyekuwa mwajiriwa wa kiwanda hicho, alimwona mtoto wake mchanga akiugua, na vipimo vikaonyesha risasi kwenye damu ya mtoto. Aliacha kazi akaanza kupiga kelele. Kiwanda kilifungwa 2014, naye mwaka uliofuata akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman.

Kufunga kiwanda hakukuwa mwisho. Wakazi walikwenda mahakamani, na Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikawapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mahakama ya Rufaa ikaitengua 2023. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Miaka kumi ilipita kati ya kufungwa kwa kiwanda na hukumu hiyo ya mwisho, na risasi haimsubiri hakimu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Huharibu ubongo wa mtoto, na uharibifu huo haurudi nyuma. Kwa hiyo tunaposema vifaa virejelezwe, tunamaanisha mahali penye leseni, wakaguzi wanaofika kweli, na wafanyakazi waliovaa kinga. Pasipo hivyo, afadhali betri ibaki stoo.

Jambo lilelile hutokea kwa kiasi kidogo kidogo kila siku kwenye majalala na vichochoro. Vijana huchoma nyaya ili plastiki iyeyuke wapate shaba. Moshi huo una sumu za dayoksini, na wa kwanza kuuvuta ni wao wenyewe. Hatuwalaumu. Mnunuzi wa vyuma chakavu anaweka shaba kwenye mizani na kulipa taslimu palepale. Kijana asiyejua atakula nini jioni hawezi kuambiwa ahifadhi mazingira kwa ajili ya vizazi vijavyo. Anayetaka waya ule usichomwe anunue waya ukiwa mzima, kwa bei inayoishinda ile ya shaba iliyochomwa.

Hapa ndipo mipango mingi ya nia njema inapokwama. Huwekwa sanduku kwenye jengo kubwa la mjini, hupigwa picha, na watu huombwa walete simu mbovu bure. Hawaleti. Si kwamba hawajali, ila kwao kifaa kibovu bado ni mali: fundi atakinunua kwa ajili ya spea, mtu wa skrepa atatoa chochote. Mpango usiotoa hata senti unashindana na soko ambalo tayari linalipa, na utashindwa.

Dawa yake tunaijua tangu utoto. Soda ya chupa ya kioo hukuipata bila kupeleka chupa tupu au kuacha pesa ya chupa. Hakuna aliyehitaji semina ya mazingira. Chupa zilirudi kwa sababu zilikuwa na thamani mkononi mwa yeyote aliyezishika, hata mtoto aliyeziokota barabarani. Simu, betri na televisheni ziwekewe amana ya namna hiyo. Mwagizaji ailipe bandarini, iingie kwenye bei, na mtu yeyote anayerudisha kifaa kibovu dukani aipate, awe ndiye aliyekinunua au la. Mwokota taka wa Pugu atakuwa wa kwanza kufika kaunta.

Wajapani wamekwisha kutuonyesha kwamba watu hupeleka vifaa pakiwepo pa kuvipeleka. Medali zote zipatazo 5,000 za Michezo ya Olimpiki na Paralimpiki ya Tokyo zilitengenezwa kwa madini yaliyotolewa kwenye vifaa chakavu. Kuanzia Aprili 2017 hadi Machi 2019 walikusanya tani karibu 79,000, zikiwamo simu zaidi ya milioni 6, wakapata kilo 32 za dhahabu, kilo 3,500 za fedha na kilo 2,200 za shaba nyeusi. Makusanyo hayo yalipita kwenye ofisi za serikali za mitaa na kwenye maduka ya kampuni ya simu, yaani mahali ambapo mwananchi alikuwa anakwenda hata hivyo. Tani moja ya bodi za simu ina dhahabu nyingi kuliko tani moja ya mawe yanayochimbwa Geita. Sisi tunaochimba dhahabu Geita, na jirani zetu wa Kongo wanaochimba zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, ndio tunaoitupa tena kwenye shimo la taka ikiwa imeshasafishwa.

Kampuni za simu za kwetu haziwezi kudai kwamba zimekosa mtandao wa kufikia watu. Zina maduka wilayani, na mawakala wa kutuma na kutoa pesa wako kila mtaa, hata kijijini kusikofika lami. Wakala anayeaminiwa kushika mamilioni ya shilingi anaweza kupokea simu mbovu, akaandika namba yake na kumlipa aliyeileta.

Sheria zipo. Mkataba wa Bamako, uliotiwa saini 1991, unakataza kuingiza taka za sumu Afrika. Marekebisho ya Mkataba wa Basel yaliyoanza kutumika Januari 1, 2025 yanataka nchi inayopelekewa taka za elektroniki, ziwe za sumu au la, itoe kibali kwanza. Tanzania ina kanuni za taka hizi tangu 2021. Kenya ilipitisha Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka mwaka 2022, na 2024 ikatoa kanuni zinazomtwika mzalishaji na mwagizaji gharama ya bidhaa yake baada ya kufa. Rwanda ina kituo cha kufumua na kurejeleza vifaa hivi huko Bugesera. Na tukumbuke mifuko ya plastiki: Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017, Tanzania Juni 2019, na wafanyabiashara waliokuwa wakisema haiwezekani waliweza. Kinachokosekana kwa simu na betri ni sharti kwenye leseni ya biashara. Asiyepokea asipewe leseni ya kuuza.

Kabla ya kaunta, hata hivyo, yupo fundi. Kijana mwenye meza ndogo, mita na kijiti cha kulehemu ameokoa vifaa vingi kuliko mradi wowote tunaoujua. Kioo kimepasuka, anabadilisha. Chaji haiingii, anasafisha. Simu imekufa kabisa, anaigeuza spea na kufufua nyingine mbili. Anachohitaji ni spea halisi kwa bei nafuu, mafunzo ya muda mfupi kwenye vyuo vya ufundi, na vifaa vinavyofunguka bila kuvunjwa. Ulaya imeanza kuweka viwango vya namna hii: tangu Desemba 28, 2024 simu mpya zinazouzwa huko lazima zitumie chaja ya USB-C, na kuanzia Februari 2027 sheria itataka betri za vifaa vya mkononi, isipokuwa vichache, ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina viwango vya pamoja vya bidhaa. Ikiweka na hivi, hatutaletewa vile vilivyokataliwa kwingine.

Msomaji naye ana sehemu yake, na haimgharimu. Kabla ya kununua uliza kama betri na kioo cha simu hiyo vinapatikana kwa fundi wa mtaani kwako. Kabla ya kuitoa ya zamani, chomoa laini na kadi ya kumbukumbu, toka kwenye akaunti zako, kisha irudishe kwenye hali ya kiwandani. Ukisahau akaunti, simu itajifunga na atakayeipata ataishia kuitupa. Ukisahau picha na ujumbe wa benki, umemkabidhi mgeni maisha yako. Betri iliyovimba usiitoboe wala usiichaji tena. Iweke peke yake kwenye chombo cha chuma, mbali na jua na watoto, mpaka upate njia ya kuifikisha kwa fundi. Usiichanganye kamwe na taka za jikoni, maana lori la taka hushindilia, na betri ya lithiamu ikibonyezwa huwaka. Taa za umeme mdogo zenye mirija zina zebaki, usizivunje. Friji bovu usimruhusu mtu akate mabomba yake uani ili achukue shaba, kwa sababu gesi yote itakwenda hewani.

Haya yote mwananchi anaweza kuyafanya kwa uaminifu na bado akabaki na simu mbovu mkononi, hana pa kuipeleka. Kazi iliyobaki ni ya serikali. Bajeti za Tanzania, Kenya na Uganda husomwa Juni. Mawaziri wa fedha wana muda wa kutosha kuandika amana hiyo katika bei ya kila simu, kila betri na kila televisheni inayoshushwa Dar es Salaam na Mombasa. Waiandike mwaka huu.