Nta ya gari: mfanyabiashara asinunue maneno ya kopo

Pita kwenye maduka ya vipuri ya Kisekka, katikati ya Kampala, uangalie rafu za nta na polishi za magari. Makopo yanashindana kwa maneno. Moja linaahidi ugumu wa almasi. Jingine linajiita seramiki ya 9H. La tatu linadai kuilinda rangi kwa miaka mitano, na kazi yote ni kupaka mara moja kwa kitambaa. Bei zinapishana mno, lakini ukitafuta maelezo ya kilichomo ndani, mengi hayasemi lolote la maana.

Kwa mwenye gari moja, akidanganyika amepoteza kopo moja. Kwa wewe unayebeba katoni kumi kupeleka Juba, Goma au Busia, huo ni mtaji. Ukishauza ahadi ya miaka mitano na rangi ikafifia kabla ya miezi miwili, mteja hatamtafuta mtengenezaji wa ng'ambo. Atakutafuta wewe. Ndiyo maana nasema bidhaa hii inunuliwe kwa kujaribiwa, na mamlaka zetu za viwango ziyapime maneno ya kopo kama zinavyopima uzito wake.

Tusidharau haja yenyewe. Kampala iko karibu na Ikweta, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200, na jua lake hula rangi. Vumbi jekundu la barabara zisizo na lami hukwaruza kila linapofutwa likiwa kavu. Wale ndege wakubwa, kaloli, wanaokaa juu ya miti ya jiji, huacha kinyesi chenye asidi ambacho kikikaukia juani huacha alama. Halafu gari linapelekwa kuoshwa kwa sabuni ya unga ya kufulia, ambayo huondoa mafuta, na nta nayo huondoka. Kinga inahitajika. Swali ni kinga gani, na kwa muda gani.

Magari mengi yanayoletwa kutoka Japani kupitia Mombasa yana tabaka la juu lisilo na rangi, ambalo mafundi huliita klia. Unene wake kwa kawaida ni mikroni 35 hadi 50, pungufu ya unywele mmoja wa kichwa. Hilo ndilo linalolinda rangi iliyo chini yake. Likishaliwa na jua hadi likaanza kubanduka, hakuna nta wala seramiki itakayolirudisha. Dawa ni kupiga rangi upya. Anayekuuzia kopo la "kufufua klia iliyokufa" anakuuzia mafuta ya kung'arisha kwa siku chache.

Bidhaa zilizopo, ukiondoa majina ya kifahari, ni za aina tatu. Ya kwanza ni nta za asili, hasa karnauba, inayotokana na majani ya mnazi-pori wa Brazili. Karnauba huyeyuka kwenye nyuzijoto 82 hadi 86 za Selsiasi, ilhali nta ya nyuki, tunayoizalisha kwetu, huyeyuka kwenye 62 hadi 64. Boneti jeusi lililoachwa juani linaweza kuzifikia hizo sitini na kitu, ndiyo maana nta ya nyuki ikiwa peke yake hulainika na kushika vumbi. Hata karnauba, chini ya jua letu na sabuni yetu, hesabu wiki kadhaa tu.

Ya pili ni vifunga rangi vya polima, vinavyotengenezwa kiwandani. Mng'ao wake si wa kina kama wa karnauba, lakini hudumu miezi. Kwa bodaboda, teksi na magari ya mizigo, ambayo hakuna mwenye muda wa kuyapaka kila mwezi, naona hii ndiyo thamani bora ya fedha.

Ya tatu ni seramiki. Seramiki ya kweli hugandamana na klia na inaweza kudumu mwaka au zaidi. Lakini inadai kazi: rangi isafishwe, mikwaruzo iondolewe, mafuta yote yafutwe, kisha gari likae kavu, mbali na vumbi, hadi dawa igande. Chupa ya kupulizia yenye neno "seramiki" mara nyingi ina kiasi kidogo tu cha viambato hivyo. Haina ubaya, ila si kitu kilekile, na haistahili bei ileile.

Sasa tuyaangalie maneno yenyewe. Hiyo 9H ni kipimo cha penseli. Penseli za ugumu tofauti husukumwa juu ya rangi kuona ipi itaikwaruza, na 9H ndiyo penseli ngumu kuliko zote kwenye kipimo hicho. Haihusiani na kipimo cha Mohs cha wanajiolojia, ambacho almasi ina 10. Anayekwambia kwamba 9H imebakiza hatua moja kufikia almasi amechanganya mizani mbili, kama mtu anayelinganisha kilo na maili. Mchanga wa kawaida utaikwaruza hiyo "almasi" yake.

"Karnauba asilimia 100" nayo haiwezekani kwenye kopo laini. Karnauba tupu ni ngumu kama tofali. Ili ipakike, lazima ichanganywe na mafuta na viyeyusho. Maana ya kweli ya maneno hayo, mara nyingi, ni kwamba karnauba iliyotumika ilikuwa safi, hata kama ni kijiko kimoja.

Kuna maonyesho pia. Muuzaji anamwaga maji kwenye boneti, yanakimbia kama lulu, na wateja wanashangaa. Maji kujikusanya matone kunaonyesha tu kwamba juu pana kitu kinachoyakataa. Mafuta ya silikoni ya bei rahisi hufanya hivyo pia, na huisha baada ya kuosha mara chache. Kwenye video za matangazo utaona hata petroli ikiwashwa juu ya boneti, kisha moto unafutwa na rangi inabaki salama. Kinachowaka pale ni mvuke ulio juu ya kimiminika, na kwa sekunde chache hata rangi isiyo na nta inaweza kupona. Usijaribu hilo kwenye gari la mtu.

Lililo baya zaidi ni kopo linaloficha. Baadhi ya polishi zina mafuta yanayojaza mikwaruzo, na baadhi zina chembe za kusugua. Zile za mafuta hulipamba gari la kuuzwa hadi mnunuzi alioshe mara mbili. Zile za kusugua hung'arisha kwa kukwangua klia, na kila zinapotumika tabaka hupungua. Zina kazi yake, mikononi mwa fundi. Zikiuzwa kama nta ya kila wiki, zinamaliza kitu kisichonunulika dukani.

Basi jaribu kabla ya kununua katoni. Nunua kopo moja. Sugua kidogo kati ya vidole, kisha kwenye plastiki nyeusi inayong'aa. Ukihisi mchanga au ukiona mikwaruzo myembamba, hiyo ni ya kusugua. Halafu chukua gari la ndugu au rafiki anayekubali, osha boneti vizuri, gawanya kwa utepe, paka nusu moja. Liendelee kuoshwa kwa sabuni ileile ya kila siku. Angalia maji yanavyokimbia kila wiki kwa wiki nane. Ukilinganisha nusu mbili utajua kopo limeishi muda gani, na hiyo ndiyo ahadi utakayompa mteja wako. Pima uzito wake pia, na uangalie kama lina nambari ya toleo, tarehe na anwani ya mtengenezaji.

Hesabu ya mpakani nayo isisahaulike. Cheti rahisi cha uasili, kinachowasaidia wenye mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani, ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya na zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa. Nta iliyotengenezwa China haigeuki ya Uganda kwa kuwa uliinunua Kampala. Ukifika Malaba au Elegu na risiti ya Kisekka ukidhani imetosha, utajikuta ukilipa ushuru ambao hukuuweka kwenye bei. Kopo ghali lenye maneno makubwa linaumiza zaidi hapo, kwa sababu thamani yake ndiyo inayotozwa.

Na hapa ndipo serikali zinapoingia. Tangu 2006 Jumuiya ya Afrika Mashariki ina sheria ya pamoja ya viwango na upimaji, ambayo chini yake alama za ubora za nchi wanachama hutambuliwa kuvuka mipaka. Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya 2003 na Sheria ya Kulinda Walaji ya Kenya ya 2012 zinakataza maelezo ya kupotosha. Nyenzo tunazo. Naomba mambo matatu yasiyo na gharama kubwa: kopo liseme ni nta, polima, seramiki au ya kusugua, ahadi yoyote ya miezi au miaka itaje kipimo kilichotumika na masharti yake, na maelekezo yaandikwe kwa Kiswahili, ili muuzaji wa Goma na wa Gulu wasome jambo moja.

Wapo watakaosema soko litajisafisha lenyewe, kwani kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Shida ni kwamba hiki kibaya kinatembezwa na sisi wenyewe, begani mwetu, kwa jina letu, hadi kwa mteja tunayetaka arudi. Mwingizaji mkubwa akishamaliza shehena anabadilisha jina la kopo. Mwenye kibanda Mpondwe hawezi kubadilisha sura yake.

Kwa hiyo, mwuliza muuzaji wako wa jumla maswali mawili kabla ya kutoa fedha: hii ni aina gani, na utairudisha nikikuta haidumu? Akijibu la kwanza kwa jina la kifahari, na la pili kwa kicheko, weka fedha zako mfukoni uende duka la jirani.