MTOANO NI DHULUMA, TUCHEZE LIGI

Ndugu wanaushirika,

Kombe la ushirika linakaribia, na tayari nasikia maneno kibandani kwamba mwaka huu tena tutacheza mtoano. Mimi Katibu wenu nasema hapana, na nitatoa sababu zangu hapa ukutani, kila mtu azisome. Asiyejua kusoma asomewe.

Mwaka jana vitongoji 6 vilileta timu 6. Mpira, jezi na ng'ombe wa zawadi vilinunuliwa kwa fedha za ushirika, yaani kwa kilo zetu za pamba. Kila mwanachama alikatwa sawa. Sasa niambieni, je, tulicheza sawa? Vijana wa kitongoji cha mbali walitembea saa mbili, wakafungwa bao moja la penalti, wakarudi kwao. Basi, mwaka umekwisha! Mchezo mmoja tu kwa mchango ule ule.

Kuna kubwa zaidi. Timu 6 zikitoana zinabaki 3. Tatu haigawanyiki kwa mbili, kwa hiyo mmoja lazima apite bure. Mwaka jana timu moja iliingia fainali bila jasho huku wenzake wawili wanaumizana. Kura ilipigwa chumbani, sisi tukaletewa majibu. Sisemi watu walikula njama. Nasema jambo la wote likifanyiwa chumbani, hata likiwa safi linanuka.

Ligi haina mambo hayo. Kila timu inakutana na kila timu. Hesabu yake tunaiweza hata katika darasa letu la watu wazima: timu 6, kila moja ina wapinzani 5, sita mara tano ni 30. Lakini mchezo mmoja tumeuhesabu mara mbili, kwa hiyo gawa kwa mbili: michezo 15.

Wengine wanasema eti ratiba ya ligi ni ngumu, inataka mtaalamu. Si kweli. Chukua mawe 6. Panga juu 1, 2, 3. Chini yake 6, 5, 4. Wanaotazamana ndio wanaocheza: 1 na 6, 2 na 5, 3 na 4. Wiki ya pili jiwe la 1 lisiondoke, mengine yote yasogee hatua moja kwa kuzunguka. Utapata 1 na 5, 6 na 4, 2 na 3. Endelea hivyo mpaka wiki ya 5, wote watakuwa wamekutana, hakuna aliyerudiwa. Timu zikiwa 5, jiwe moja liwe tupu. Atakayelitazama anapumzika wiki hiyo. Hata mtoto anaweza, na mbele ya mkutano.

Wanasema pia ligi inakula muda wa shamba. Jumamosi jioni mchezo mmoja, Jumapili miwili, kwa wiki 5, baada ya pamba kuuzwa. Shamba gani hapo limelala?

Jambo hili si geni. Uingereza mwaka 1888 vilabu 12 vilianzisha ligi kwa sababu michezo yao ya kirafiki ilikuwa inavunjwa ovyo kila kombe la mtoano lilipoingilia. Kila klabu ikacheza michezo 22, nyumbani na ugenini. Preston North End wakawa mabingwa bila kufungwa hata mara moja. Huyo ndiye bingwa, hakuna wa kumbishia.

Lakini ligi nayo ina mlango wa wizi, lazima tuufunge. Mwaka 1982, Kombe la Dunia kule Hispania, ndugu zetu wa Algeria waliifunga Ujerumani Magharibi 2-1. Wakamaliza michezo yao siku moja kabla ya wenzao. Kesho yake Ujerumani Magharibi na Austria waliingia uwanjani wakijua bao moja la Wajerumani linawatosha wote wawili. Bao lilipopatikana mapema, wakapigiana pasi za bure mpaka mwisho. Algeria nje! Tangu Kombe la 1986 michezo ya mwisho ya kundi huchezwa kwa wakati mmoja. Na sisi siku ya mwisho tuutumie na uwanja wa shule, wanaogombea kombe waanze pamoja.

Kwa hiyo napeleka mapendekezo 4 kwenye mkutano mkuu:

1. Tucheze ligi, timu zote 6.
2. Namba za mawe zichaguliwe hadharani.
3. Kushinda pointi 3, sare 1, kufungwa hamna kitu. Wakilingana, tutazame tofauti ya mabao. Zikilingana, mchezo wao wenyewe. Hii iandikwe kabla, si baada.
4. Msimamo ubandikwe hapa ukutani kila Jumatatu.

Asiyekubali asiniseme kilabuni. Aje mkutanoni na hesabu yake.

Tuliochangia sawa tucheze sawa.

Katibu wa Tawi