Mpiga besi wa Idodi kagoma kupigia bia, na yuko sahihi

Huko Idodi, kwenye barabara inayotoka Iringa mjini kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kuna mpiga besi mmoja, jina kapuni, ambaye siku hizi anasemwa kuliko wagombea wakati wa kampeni. Kosa lake ni kutaja bei. Mwenye baa alimwita aje apige Jumamosi na wenzake. Jamaa akauliza malipo yakoje. Bosi akajibu kwamba vinywaji vipo, nyama ipo, na juu ya hapo watajitangaza. Jamaa akasema bila hela hapandi. Mazungumzo yakaishia hapo, Jumamosi ikapigwa flash.

Toka siku hiyo maneno hayaishi. Anaringa. Anajiona staa. Mkulima wa mpunga anataka kulipwa kama msanii wa Dar. Wengine wanasema angeupenda muziki kweli asingeuliza hela.

Sasa cheki kituko chenyewe: wengi wa wanaomsema ni walewale ambao kila Ijumaa jioni wanaweka zilipendwa kwenye status na kuandika kwamba muziki wa kweli umekufa. Umekufaje, jamani? Au umekufa kwa sababu aliyebaki anaupiga kwa vidole vyake anapewa bia mbili na mshikaki?

ZILIPENDWA ZILIKULA MSHAHARA

Hili wapenzi wa zilipendwa hawapendi kulisikia. Zile nyimbo hazikutengenezwa na watu waliokuwa wanajitangaza. Bendi nyingi kubwa za dansi za enzi hizo zilikuwa na mwajiri. NUTA Jazz ilianzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ikabadilika majina kadiri chama chenyewe kilivyobadilika, Juwata, Ottu, mpaka leo watu wanaijua kama Msondo Ngoma. Mlimani Park, wana Sikinde, walianza 1978 chini ya shirika la usafiri. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo. Bima Lee ilikuwa ya shirika la bima. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana.

Na kwa watu wa Iringa, hakuna haja ya kwenda mbali. Tancut Almasi Orchestra ilikuwa bendi ya kiwanda cha kukata almasi, palepale Iringa mjini. Wale mapacha Kasaloo na Kyanga Songa, ambao sauti zao bado zinaliza watu wazima kwenye harusi, waliimba kwenye bendi ya kiwanda. Mwanamuziki wa bendi za namna hiyo alikuwa mwajiriwa. Vyombo vilinunuliwa na mwajiri, mazoezi yalikuwa ndiyo kazi, na mlangoni watu walilipa kiingilio.

Mfumo huo ulikuwa na matatizo yake. Gitaa halikuwa mali ya mpigaji, na siku shirika likiyumba bendi nayo iliyumba. Ndiyo maana mashirika yalipokufa au kuuzwa, bendi nyingi zilikufa nayo na wanamuziki wakabaki mikono mitupu, hawana hata waya wa kuchomeka. Ila jambo moja halina ubishi: mtu alikuwa na muda wa kukaa na wimbo wiki nzima mpaka besi ikae pale inapotakiwa, kwa sababu nyumbani kulikuwa na unga. Unapousifia wimbo wa 1985 kwamba umepangwa vizuri, unasifia muda uliolipiwa.

Kwa hiyo mwenye baa anayetaka ladha ya Tancut kwa malipo ya supu anataka muujiza.

BESI SIYO PAMBO

Jamaa wa Idodi ana msimamo mwingine ambao unawaudhi watu zaidi. Anataka besi isikike. Anasema baa nyingi alizopiga, besi inachomekwa kwenye spika moja na maiki ya mwimbaji pamoja na kinanda, inatoka inalia kama debe tupu. Halafu mteja mmoja kalewa anakuja kusema bendi haichangamshi.

Hapo yuko sahihi asilimia mia. Dansi la Kitanzania limejengwa juu ya magitaa yanayojibizana: solo, second solo, rhythm, na besi chini yao. Wimbo unaanza taratibu, waimbaji wanatoa kisa chao, mara inafika chemko. Solo linapanda, tumba zinakaza, na besi inazunguka palepale bila kuchoka. Mtu wa kawaida mezani hajui ni kitu gani kimemshika, ila miguu yake inajua. Izime besi dakika moja uone watu wanavyorudi kwenye viti.

Singeli, amapiano na hizo ngoma zote zinazotingisha daladala zinaishi kwa besi. Kijana anayesema hajali besi hajawahi kukaa siti ya nyuma.

FANYA HESABU

Tuchukue mfano tu. Bendi ya watu watano, bosi kajikakamua katoa laki moja. Ukigawa, kila mtu elfu ishirini. Toa nauli ya kutoka Idodi mpaka Iringa mjini na kurudi, na kwa sababu muziki unaisha usiku na basi ni asubuhi, toa pa kulala. Toa hela ya kukodi spika kama baa haina. Toa siku mbili za mazoezi ambazo mtu hakwenda shambani. Nyuzi nazo zinachakaa, na seti ya nyuzi nne za besi kwa kawaida ni ghali kuliko seti ya nyuzi sita za gitaa la kawaida. Kilichobaki hakitoshi kununua kuku. Na hapo ni baa iliyolipa.

Baa isiyolipa inatoa kitu kinachoitwa kujitangaza. Hebu mwambie dereva wa bodaboda akupeleke Tungamalenga bure ili ajitangaze. Mwambie fundi umeme afunge taa za hiyo baa bure ili ajulikane. Mwambie muuza nyama alete mbuzi wa Jumamosi, malipo yatakuwa sifa. Wote watakuona umechanganyikiwa. Ni mwanamuziki peke yake anayetegemewa acheke na kushukuru.

Na kujitangaza kwa nani? Kwa baa nyingine ambayo nayo itamwita aje ajitangaze?

WANAOPIGA BURE NDIO WANAOUA SOKO

Lakini lawama zote zisiende kwa wenye baa. Mwenye baa ni mfanyabiashara, akipata cha bure atachukua. Swali ni nani anampa cha bure.

Kuna kundi la washkaji wenye ajira zao nzuri, wana gitaa la bei mbaya ndani, wikiendi wanatafuta pa kupoza stresi. Hawa wanapanda jukwaani bila kuuliza hata maji. Kwao bia mbili ni bonasi, mshahara unaingia mwisho wa mwezi. Wanasema wanapiga kwa mapenzi. Sawa, mapenzi ni kitu kizuri. Ila Jumamosi hiyo kuna mtu mwingine hapo mtaani ambaye besi ndiyo ada ya mtoto, na kawekwa benchi kwa sababu bosi kapata watu wa bure.

Kinachofanya jamaa wa Idodi aheshimike ni kwamba na yeye si mtu wa kuishi kwa muziki. Ana mpunga wake. Besi aliianzia kwaya ya kanisani, chombo chenyewe ni cha mtumba, na mwenyewe anakiri vidole bado vinajifunza. Angeweza kabisa kupiga bure na asilale njaa. Kagoma kwa sababu anajua akikubali yeye, kesho aliye juu yake kwa uwezo atalazimika kukubali pia. Huo ndio uungwana ambao wenye gitaa za bei mbaya hawana.

Unataka kupiga bure? Piga kwenye msiba. Piga harusi ya ndugu yako. Piga kanisani, piga kwenye harambee ya zahanati. Mahali ambapo mtu anauza kreti kwa kreti kwa sababu ya mikono yako, chukua chako.

ANAPOKOSEA

Sasa na yeye aambiwe. Jamaa ana ugonjwa wa wapenzi wengi wa zilipendwa: anataka kila noti ipigwe kama ilivyo kwenye rekodi, na mtu akiongeza kitu anasema kaharibu. Halafu muziki wa vijana anauita makelele ya kompyuta.

Hapo anajichanganya. Bendi anazoziabudu hazikuwa zimetulia hivyo. Kila moja ilishindana kuwa na mtindo wake. Msondo, Sikinde, Saboso ya Western Jazz, Pambamoto ya Vijana, Kamanyola ya Maquis, yote hiyo ilikuwa mbio za kutofanana na jirani. Hata majina Sikinde na Msondo yalichotwa kwenye ngoma za asili, na wazee wa ngoma wangeweza kuwaita waharibifu vilevile. Anayeiga noti kwa noti anautunza muziki kama nguo ya marehemu, iko sandukuni lakini haivaliwi.

Vijana nao wasijifanye kwamba magitaa ni ya wazee tu. Vuka Tunduma uingie Zambia: bendi ya WITCH, waliopiga rock ya Kizambia miaka ya 70 na kusahaulika miaka mingi, imerudi jukwaani, inazunguka Ulaya, na 2023 ikatoa albamu mpya. Hata Dar ilikuwa na watu wa magitaa ya fujo. Sunburst walitoa albamu yao Ave Africa mwaka 1976, na mwaka 2016 kampuni ya Strut ikaitoa upya huko nje. Wazungu wanalipia kitu ambacho mwenye baa wa hapa anakilipa kwa mshikaki.

Halafu kuna lile swali ambalo jamaa halipendi. Nyimbo anazozipiga ni za nani? Akidai alipwe kwa jasho lake, waliozitunga je? Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999, na anayetumia muziki wa mtu hadharani kwa biashara anatakiwa awe na leseni. Mzigo huo ni wa baa kwanza, iwe inapiga flash au inaleta bendi ya kopi. Baa ngapi unazozijua wewe zina hiyo leseni? Mpiga besi anayepigania haki yake aibebe na ya wale waliomlea kimuziki. Na atunge zake. Miaka arobaini ijayo mtu wa Idodi apige kopi ya nani kama kizazi hiki chote kinapiga kopi?

KINACHOTAKIWA KUFANYIKA

Hakuna haja ya semina. Wapigaji wa Idodi, Tungamalenga na Iringa mjini wanajuana. Wakae, wakubaliane bei ya chini ambayo hakuna anayeshuka, hata yule mwenye mshahara wake. Nusu ilipwe kabla spika haijashushwa kwenye gari. Besi iwe na spika yake, iandikwe kabisa kwenye makubaliano. Baa ikisema haina hela, iweke kiingilio cha buku mbili mlangoni na bendi ichukue ya mlangoni, bosi achukue ya kaunta. Hapo kila mtu ataona bendi inavuta watu au haivuti, na kama haivuti, bendi irudi mazoezini bila kulalamika.

Na wewe mdau unayeandika "old is gold" kila wiki, mara ya mwisho kulipa kiingilio kusikia bendi ilikuwa lini? Bando unanunua. Mkeka unabeti. Buku mbili ya mpiga besi ndiyo inakuwa nzito? Andika jibu lako hapo chini, ila kabla hujamwita jamaa mringaji, taja na wewe kazi yako, halafu useme ni siku gani uko tayari kuja kuifanya bure baa.