Kivuli Hupimwa Kiangazi

Fika kwenye kitalu chochote cha miche hapa Kigoma, utasikia mnunuzi akiuliza: "Upi unakua haraka?" Tumeaminishwa kwamba mti bora wa kivuli ni ule utakaopita paa kabla fundi hajamaliza plasta. Imani hiyo inatupotosha, na nyumba zetu zinaungua jua kwa sababu yake.

Tazama mkrismasi, kipenzi cha wenye haraka. Desemba maua yake mekundu yanapendeza kweli. Lakini Kigoma mvua hukatika Mei na hairudi sawasawa hadi Oktoba, na katika ukame huo ndipo mkrismasi hupukutisha majani. Keti chini yake Agosti, saa saba mchana: juu ni matawi matupu na maganda marefu meusi yanayogongana kwa upepo wa ziwa, na jua lote liko utosini. Mizizi yake hutambaa juujuu na kupasua sakafu ya baraza. Mwashoki nao, ule mwembamba, hauna kivuli cha kumtosha kuku na vifaranga vyake.

Sasa nenda Ujiji. Miembe ya njia ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi huko, ilipandwa zama za watu waliokuwa safarini daima, wengine wakiwa wamefungwa minyororo ya utumwa. Mwembe walipokutana Stanley na Livingstone mwaka 1871 ulishakufa, lakini miembe inayosemwa kuwa uzao wake imesimama hadi leo. Mwembe huangusha majani makavu kidogo kidogo huku mengine yakibaki ya kijani. Agosti kivuli chake ni kizito vilevile. Mzizi wake mkuu huzama chini.

Wanasema mwembe unachelewa, unachafua uwanja, unaita popo. Lakini mche wa kubebesha huzaa baada ya miaka mitatu au minne. Majani yanafagiliwa. Upande mita kumi kutoka ukutani, mbali na shimo la choo, na kama uwanja ni mdogo, upogolee mapema.

Basi wewe unayejenga Gungu, Mwanga au Katubuka, chimba shimo sasa, upande mwembe mvua za Novemba zikishika. Usisubiri Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, Aprili 1: hapo mche unabakiwa na mwezi mmoja tu wa mvua kabla ya kiangazi kuukuta mizizi haijashika.