MCHEZA KWAO HUTUNZWA

Mwaka 1921, mjini New York, wasanii weusi waliutunga na kuucheza wenyewe mchezo wa muziki na vichekesho, Shuffle Along, ukavuma. Hata hivyo wachekeshaji wake, Miller na Lyles, walijipaka masizi nyusoni, kama ilivyozoewa na watazamaji wa kizungu. Visiwani kwetu, Siti binti Saad aliimba kwa lugha ya watu wake. Mwaka 1928 alikwenda Bombay, Kiswahili kikatiwa katika santuri.

Wageni waendao Ngorongoro hupitia Karatu, na ngoma zetu hutakiwa ziwatumbuize. Twasema: msanii si pambo la hoteli. Wakuu wa Serikali, Bara na Visiwani, wampe ukumbi awasimulie watu wake maisha yao. Mcheza kwao hutunzwa. Basi na atunzwe.